Simu Iliyobaki Kazini

Wateja wangu wananiita Mama Kesho, na wakiniita hivyo sinuni, maana jina hilo nimelifanyia kazi. Ukileta kitambaa Jumatatu nitakwambia njoo Ijumaa. Ukija Ijumaa nitakwambia njoo kesho, na hiyo kesho yangu mtaa mzima unaijua. Nayasema haya mapema usije ukadhani hii ni habari ya fundi hodari. Hii ni habari ya dada yangu, na uzembe wangu umo ndani yake mara mbili. Mara ya kwanza ulimsaidia, mara ya pili ulimponza.

Dada ananizidi miaka sita. Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi kwenye maabara ya idara ya maji, chumba chenye meza ndefu ya vigae, friji mbili na dirisha lisilofunguka. Kazi yake ilikuwa kupima maji yanayotoka kwenye matangi kabla hayajaingia majumbani. Wenzake walimwita Bi Tone, kwa jinsi alivyohesabu matone ya dawa huku midomo ikicheza. Nyumbani ni hivyohivyo. Ukimkaribisha chai atakwangua sukari ya kijiko kwa kisu mpaka iwe sawasawa. Ukimuuliza umri atakutajia na miezi. Nilipokuwa msichana nilimwomba amdanganye mama kwamba nilirudi saa kumi na mbili, akamwambia, "Alirudi saa moja na robo, lakini ameniomba niseme kumi na mbili." Nilipigwa, na nilimnunia wiki mbili.

Basi mtu wa namna hiyo, mwaka juzi alianza kuona mambo mabaya kwenye chupa zake. Tangi la chini, linalolisha mtaa wa mama yetu na mitaa mingine minne, lilikuwa na ufa, na maji machafu yalikuwa yanaingia. Kila wiki sampuli zilifeli, na kila wiki mkuu wa maabara alibandika karatasi nje ya ofisi: maji yote salama. Dada alimwandikia barua mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa atulie. Mara ya pili aliulizwa kama amechoka na kazi. Alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia anaona aibu kuvaa koti jeupe. Sijawahi kumsikia dada yangu akitaja aibu, na nilikasirika kuliko yeye.

Mimi ndiye niliyemjua Mwandishi. Alikuwa mteja wangu. Zamani aliajiriwa na gazeti, halafu akaacha akaanzisha ukurasa wake mwenyewe, watu wanausoma kwenye simu kila Jumamosi. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, anayesikiliza kuliko anavyosema. Kuna siku walimjia wanaume wawili wenye adabu zao, wakachukua kompyuta na simu, wakakaa navyo wiki tatu. Simuni mlikuwa na ujumbe wa mama mmoja aliyemweleza habari za ghala la dawa. Mwandishi alirudishiwa simu yake, yule mama hakurudishiwa kazi yake. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Ukimtajia simu anakuwa kama mtu aliyewahi kuumwa na mbwa.

Nilipomwambia kuna mtu ana habari za maji, hakuuliza ni nani. Alianza na masharti, na masharti yake yalikuwa mengi kuliko ya mahari. Asipige picha karatasi yoyote, maana picha inabeba saa iliyopigwa na simu iliyopiga. Asichapishe chochote kwa mashine ya ofisi, kwa sababu mashine inatunza kumbukumbu. Asifungue ukurasa wake akiwa kazini. Asimpigie, asimwandikie, asihifadhi namba yake hata kwa jina la bandia. Na akija kuonana na yeyote kuhusu habari hii, simu yake ibaki pale inapokaa siku zote, isitembee naye.

"Na wewe, Fundi," akaniambia, "simu yako ina neno la siri?"

"Lipo, tena gumu," nikamjibu. Akageuka, akalisoma kwenye meza yangu ya kukatia, ambako nilikuwa nimeliandika kwa chaki nisilisahau. Alicheka mpaka akakaa chini.

Namna ya kupitisha habari niliibuni mimi, na mpaka leo najisifu. Fundi cherehani ana daftari la vipimo. Limejaa namba, hakuna anayelisoma, na hata mwenyewe wakati mwingine halielewi. Nikasema tumfungulie mteja asiyekuwepo. Nyonga yake iwe idadi ya sampuli zote zilizochukuliwa wiki ile, na paja lake liwe zile zilizofeli. Dada atakuja Alhamisi saa ya chakula cha mchana, ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, atanitajia vipimo. Ijumaa Mwandishi atapita kuulizia suruali yake, mimi nitamwambia njoo kesho, na wakati namlaghai atakuwa ameliona daftari. Mteja anayekuja kila wiki kudai suruali kwa Mama Kesho, nani atamshangaa? Wenye maduka jirani walianza kumwonea huruma. Muuza viatu alimwambia, "Kaka, achana na huyu, nunua ya dukani."

Kazi ikaenda hivyo kwa miezi mitatu. Kila Jumamosi ukurasa ulitoa namba za kweli, na watu wa mitaa ya chini wakaanza kuchemsha maji. Kliniki ya mtaa ikapumua kidogo. Mama yetu tu ndiye aliyelalamika, kwa sababu ana desturi ya kumpigia Dada kila mchana kumuuliza kama amekula, na siku ya Alhamisi simu ilikuwa haipokelewi.

Dada alikuwa anaiacha simu kwenye droo ya meza yake, kwenye chaji, kama alivyoagizwa. Kitu kimoja tu kilimtatiza. "Mdogo wangu, nazeeka," aliniambia siku moja. "Kila nikirudi naikuta simu imeviringishwa kitambaa cha njano, kile cha kufutia vioo. Sikumbuki kabisa kuiviringisha." Nilimwambia kweli anazeeka, miezi mingapi imeongezeka? Tukacheka, na siku nyingine alikuja na kitambaa chenyewe kimelowa maji ya chupa iliyomwagika kwenye mkoba, akakianika dirishani kwangu, akakisahau. Mimi sikiachi kitambaa kizuri kipotee, nikakifanya cha kufutia mafuta ya cherehani. Wiki iliyofuata akanikuta nacho, akasema simu imeviringishwa tena, kitambaa cha njano kimeota kingine.

Sasa nifike kwenye wiki ambayo sipendi kuikumbuka.

Ilikuwa wiki ya kufungua shule. Duka langu lilijaa wazazi na sare, mmoja anataka sketi irefushwe, mwingine anataka kaptula ambayo sijaanza hata kuikata, nami naapa kwamba imebaki vifungo. Dada akaingia. Kwa kawaida duka linakuwa tupu ile saa, tunanong'ona, naandika namba taratibu naye anazitazama. Siku hiyo hapakuwa na pa kunong'ona. Akasimama mlangoni kama wateja wengine, akasema kwa sauti, "Vipimo vya yule bwana: nyonga arobaini, paja ishirini na moja." Kisha akaongeza kitu kingine kama mazungumzo tu, kwamba wiki hii ofisini kila mtu amepewa karatasi yake ya jumla ya matokeo kwenye bahasha, badala ya ile moja wanayosaini wote. Hatukushtuka, mimi wala yeye. Aliaga akarudi kazini.

Mwandishi akapita kesho yake, akaona, akaenda. Jumamosi ukurasa ukasema: kati ya sampuli arobaini, zilizofeli ni ishirini na tatu.

Dada aliisoma kwa simu yangu, nyumbani kwa mama, akakunja uso. "Ishirini na tatu? Mimi nilisema ishirini na moja." Tukadhani ni kosa la Mwandishi katika kuandika, na kwamba litarekebishwa wiki ijayo. Kumbe Jumatatu asubuhi mkuu wa maabara aliwaita wote watano waliopewa bahasha, akasimama mbele yao akitabasamu. Akawaeleza kwamba karatasi za kwenye bahasha hazikuwa sawa. Kila mmoja alipewa namba yake, kuanzia kumi na tisa hadi ishirini na tatu, makusudi, ili itakayotoka nje imtaje aliyeitoa. Na iliyotoka ilikuwa ishirini na tatu. Karatasi ya ishirini na tatu alipewa dereva.

Dereva huyo, Mzee, ndiye aliyekuwa akimzungusha Dada kwenye matangi tangu Dada alipoajiriwa. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu. Akaulizwa mbele ya watu ana la kusema. Akasema hana. Akaambiwa aache funguo za gari mezani na aende nyumbani kusubiri barua, na barua ya namna hiyo hufuta mafao yote ya mtu.

Dada alikuja kwangu mchana ule, na haikuwa hata Alhamisi. Simu aliiacha, hilo nalikumbuka. Hakukaa. Akasema, "Lete daftari." Nikalifungua. Paja: ishirini na tatu, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Unajua nilichokifanya? Paja likipimwa, fundi anaongeza inchi mbili ili mtu aweze kukaa bila suruali kupasuka. Wengine wanaongeza wakati wa kukata. Mimi, kwa kujua nitasahau, huongeza palepale ninapoandika. Nimefanya hivyo miaka kumi na minane. Namba ikitajwa kwa sauti kukiwa na wateja, mkono wangu unaongeza wenyewe. Nilikuwa nimemlegezea suruali mtu asiyekuwepo, na nikamfukuzisha kazi mzee wa watu.

Nililia, sitaficha. Dada hakulia wala hakunigombeza. Alikaa akanyoosha kipande cha kitambaa kilichokuwa mezani, akakikunja mara nne, akakinyoosha tena. Mimi ndiye niliyeanza kusema maneno ya hovyo. Nikamwambia kwamba kosa langu limemwokoa. Namba yake ilikuwa ishirini na moja, iliyotoka ni ishirini na tatu, hakuna wa kumgusa tena. Nikazidi: mzee anastaafu karibuni, wewe una mama wa kumtunza.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Namba siyo hiyo," akasema. "Imeandikwa mbele ya watu, na siyo hiyo."

Ijumaa Mwandishi alipokuja kuulizia suruali, alimkuta Dada amekaa kwenye kiti cha wateja. Katika miezi yote ile ilikuwa mara yao ya kwanza kuonana. Mwandishi akarudi nyuma hatua moja, kwa hofu kwa ajili yake, nikafunga mlango. Dada akamweleza yote, na mwishoni akamwambia, "Nataka usahihishe. Andika kwamba ni ishirini na moja."

"Dada yangu," Mwandishi akasema, "nikiandika ishirini na moja nimekutaja jina."

"Najua."

"Naweza kunyamaza. Au nikaandika tu kwamba namba ina walakini, bila kusema ipi sahihi."

"Mzee atarudi kazini kwa walakini?"

Dada akaendelea kwa ile sauti yake ya kuhesabu matone. Alikuwa ameliwaza jambo lote. Akienda kwa mkuu mikono mitupu na kusema ni mimi, mkuu atasema anamfichia mzee, kwa kuwa namba iliyotoka si yake. Lazima usahihisho utoke kwanza, hadharani, ndipo karatasi yake ya ishirini na moja iwe na maana. Mwandishi alijaribu mara mbili tena. Sijaona mwandishi akibembeleza kiasi kile ili asipewe habari.

"Basi nipe wiki moja," akasema mwisho. "Si kwa ajili yangu. Kwa ajili yako."

Wiki ile ilikuwa ya kazi tupu. Mwandishi alimpeleka Dada kwa wakili anayemwamini, kwa miguu, simu zikiwa majumbani. Nakala za barua mbili alizomwandikia mkuu, zile alizokuwa nazo tangu mwanzo kwa mwandiko wake, zikafungiwa kabatini kwa wakili. Akafundishwa kwamba akiombwa simu aseme wakili wangu awepo. Akafundishwa asifute chochote, maana anayefuta anaonekana ana kitu. Hakuwa na cha kufuta. Kwenye simu yake mlikuwa na mama, mimi, binti yake aliye chuoni, na picha nyingi za paka. Mwandishi akasema hajawahi kuona simu safi namna ile, na Dada akafurahi kama amesifiwa upishi.

Mama tulimwambia Alhamisi. Alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo ndiyo maana ulikuwa hupokei?" Dada akasema ndiyo. "Ungeniambia tu," mama akasema, "ningepiga Jumatano mara mbili."

Jumamosi usahihisho ukatoka, mistari miwili. Jumatatu Dada alivaa koti lake jeupe alilolipiga pasi, akaingia kwa mkuu kabla hajaitwa, akaweka karatasi yake mezani. Kufika saa nne alikuwa nje ya lango na boksi la vitu vyake. Aliulizwa mengi siku hizo, na simu ilichukuliwa wakili akiwepo, ikarudi na paka wote. Kazi haikurudi. Shauri lake bado liko kwa wakili mpaka leo hii ninapoandika, na sijui litaishaje.

Lakini mzee aliitwa akarudishiwa funguo wiki ileile. Na watu wa mitaa ya chini, walipojua kwamba aliyekuwa akiwaambia kweli amefukuzwa, walikwenda ofisini kila mmoja na chupa ya maji ya bomba lake, wakazipanga kwenye ngazi hadi mlangoni, wakaomba mkuu anywe moja, yoyote aipendayo. Hakunywa. Ufa wa tangi ulizibwa ndani ya mwezi.

Dada sasa yuko nami dukani. Anapima watu. Wateja wanamwogopa, kwa sababu anapima mara mbili na hakubali mtu avute tumbo ndani. Namba akiitaja ananisimamia mpaka niiandike ilivyo, na ya kulegeza naiandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Suruali ya Mwandishi niliishona, kwa namba zake halisi, na siku aliyoichukua muuza viatu alipiga makofi.

Juzi mzee alikuja. Ameshastaafu, mafao yake yametoka, anamwoza binti yake na anataka suti. Nikamwambia njoo kesho, Dada akanitupia jicho, nikamwambia keti. Dada akaanza kumpima mabega. Mimi nikachukua kitambaa kufuta mafuta kwenye cherehani, na mzee akakitazama mkononi mwangu, akatabasamu.

"Kumbe kitambaa changu kiko huku," akasema. "Nilikitafuta sana. Nilikuwa nafutia vioo vya gari."

Futi ya kupimia ilisimama begani kwake.

"Ofisi ya mkuu iko upande wa pili wa ukuta tu," mzee akaendelea, polepole, kama anaeleza njia. "Na mama yako, mwanangu, akianza kupiga haachi. Mtu akisikia simu yako inalia wewe haupo, na kila Alhamisi, si ataanza kuhesabu siku? Mimi nilishahesabu. Alhamisi simu inabaki, Jumamosi namba zinatoka. Nikawa naiviringisha, isisikike."

"Ulijua," Dada akasema. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

"Na siku ile alipokuuliza mbele yetu una la kusema?"

Mzee akainua mikono ili apimwe kifua. "Nilisema sina," akasema. "Pima, mwanangu, fundi anasubiri."

Dada alimpima. Akapima mara ya pili, na ya tatu. Akanitajia namba, nami nikaiandika ilivyo.